Darasa la historia ya Betar, Mji wa Kale: pesa yangu haikupotea

Kama wapenda historia na uko Mombasa, nenda kwa hili darasa. Nasema hivo mapema manake najua wengine hawasomi hadi chini. Ni darasa la jioni, ghorofani kwa nyumba moja ya zamani Mji wa Kale, mwalimu ni mzee mstaafu aliyesomesha historia sekondari miaka mingi, na kila msimu anachukua mada moja anaichimba mpaka mizizi itoke. Msimu huu ulikuwa wa Betar, ile harakati ya vijana wa Kizayuni iliyoanzishwa na Vladimir Jabotinsky, wao humwita Ze'ev. Ada ni mia tatu kwa jioni, walipa kwa simu ama mkononi, wanafunzi nusu, na ndani ya hiyo mia tatu kuna makaratasi ya fotokopi, kahawa tungu na mahamri. Mahamri ni ya moto kweli, si yale ya jana.

Sasa najua swali la kwanza la watu wa hapa kwetu, kwani huyo mzee anawatetea Wazayuni? Na swali la pili, ama ni mahali pa kwenda kuwatukana Mayahudi? Sivo na sivo. Sheria yake aliitoa siku ya kwanza, hakuna kutukana dini ya mtu humu ndani, kwanza twasoma walivosema wenyewe kwa maneno yao, halafu twaangalia maneno hayo yaliwafanyia nini watu wengine. Akaishika sheria hiyo mpaka mwisho, hata pale kijana mmoja alipopandwa na hasira alimwambia "mwanangu, hasira yako naielewa, lakini soma kwanza ukurasa wa pili halafu ongea", na yule kijana akasoma, na swali lake la baadaye lilikuwa kali kuliko yale matusi aliyokuwa nayo mdomoni.

Kilichonishika mie ni kwamba mzee hakuanzia Ulaya. Alianzia kwenye reli yetu hapa. Patterson wa simba wa Tsavo sote twamjua, yule Mwingereza aliyekuja kujenga daraja 1898 simba wakawa wanakula wafanyakazi mpaka akawaua mwisho wa mwaka ule. Skuli inaishia hapo. Kumbe huyu huyu John Henry Patterson ndo 1915 alipewa kuongoza kikosi cha kwanza cha Mayahudi ndani ya jeshi la Uingereza, kikosi cha wabeba mizigo kwa nyumbu kilichopelekwa Gallipoli kupigana na Waturuki. Watu wenyewe walikuwa Mayahudi waliofukuzwa ama kukimbia Palestina wakakwama Aleksandria. Wawili ndo walikuwa wakisukuma fikra hiyo ya jeshi, Jabotinsky mwandishi wa kutoka Odessa, na Joseph Trumpeldor, askari wa zamani wa Urusi aliyepoteza mkono vita vya Port Arthur na Mjapani. Waingereza wakasema bunduki za kwenda kuikomboa Palestina hatuwapi, twawapa nyumbu. Jabotinsky akakataa, Trumpeldor akakubali akawa naibu wa Patterson. Baadaye Jabotinsky alipata alichotaka, kikosi cha 38 cha Royal Fusiliers, kamanda ni Patterson tena, wakapigana bonde la Yordani 1918.

Sasa ukitoka hapo ndo waielewa Betar. Trumpeldor aliuawa Machi 1920 pale Tel Hai, kaskazini mwa Palestina, kwa mapigano na Waarabu, akawa shujaa wa Wazayuni wa kila upande. Mwaka ule ule kulipozuka fujo Jerusalem Jabotinsky alikusanya watu wa kujilinda kwa silaha, Waingereza wakamfunga gereza la Acre, kisha wakamwachia kwa msamaha. 1923 akaenda Riga, kule Latvia, akakuta vijana wanataka kitu cha kufanya, wamechoka na hotuba, na hapo ndo Betar ikazaliwa. Jina lina mambo mawili, ngome ya mwisho ya Mayahudi walioasi dhidi ya Warumi ilioanguka mwaka wa 135, na jina la Trumpeldor mwenyewe. Salamu yao ikawa "Tel Hai".

Mzee alieleza shughuli zao vizuri sana, si kwa kulaani wala kusifu, alieleza tu kama mtu anayekuonesha mashine inavofanya kazi. Mazoezi ya kwata, yunifomu, kambi za likizo, Kiebrania, mafunzo ya kilimo kwa ajili ya kuhamia Palestina, mafunzo ya kujilinda na baadaye ya silaha. Juu ya hayo yote kuna kitu walikiita hadar, yani heshima ya mtu kwa mavazi, kwa usemi, kwa mwendo, kwa usafi, manake Jabotinsky aliona kijana wa Kiyahudi wa Ulaya Mashariki amefunzwa kuinamisha kichwa kila siku na yeye anataka akiinue. Kufikia 1934 walikuwa kama 70,000, na 40,000 kati yao wako Poland peke yake. Mwaka huo huo wakafungua chuo cha ubaharia Civitavecchia, Italia, chini ya utawala wa Mussolini, na hapa mzee hakupita haraka, aliuliza darasa zima, mtu anayekimbia chuki dhidi ya Mayahudi anafanya nini bandarini kwa fashisti? Nahodha mmoja mstaafu aliyekuwa amekaa mbele alijibu kwamba bahari haina mwalimu mwengine ukinyimwa wote, na mama mmoja wa Kibokoni akamkatalia waziwazi, akasema ukikubali chombo cha mtu umekubali na bendera yake. Waliendelea hivo mpaka kahawa ikapoa. Mie nilikuwa upande wa yule mama na bado niko.

Kikao cha Ukuta wa Chuma ndo bora kuliko vyote. Ni makala ya Jabotinsky ya 1923, mzee alitupa vipande kwa Kiingereza na tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili pembeni. Hoja yenyewe ni hii, hakuna wenyeji popote duniani waliokubali kwa hiari wageni waje kukaa kwenye nchi yao, Waarabu wa Palestina nao ni watu wana akili na wanaipenda nchi yao kwa hivyo hawatakubali, basi Wazayuni wajenge nguvu, ukuta usiovunjika, mpaka Waarabu wakate tamaa ya kuwaondoa, na hapo ndo yaje mazungumzo. Hakusema Waarabu wafukuzwe, kinyume chake aliandika habari za haki sawa, na mzee hilo hakulificha. Lakini alitaka dola ya Kiyahudi kingo zote mbili za mto Yordani, na ridhaa ya waliokuwa wakikaa pale hakuiweka kama sharti. Mie nimesoma vitu vingi vya siasa vilivopakwa sukari, hii haina sukari hata kidogo, na ndo maana naona kila mtu anayebishana habari za Palestina vibarazani aisome, aone kwamba mmoja wa waasisi wakubwa alijua kabisa kwamba nchi ina wenyewe na akaandika hivyo na jina lake chini.

Kuna kijana mmoja wa Uasin Gishu anafanya kazi bandarini, alikuwa kimya vikao vya mwanzo, siku hiyo akauliza "mwalimu, na sisi?" Na mzee alikuwa anangoja swali hilo. Jioni iliyofuata akaleta ramani. 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alishuka Mombasa akapanda treni kuangalia nchi, akaona nyanda za juu zina baridi nzuri akafikiria Mayahudi wa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni. Aprili 1903 Mayahudi wakachinjwa Kishinev, ndani ya dola ya Urusi, na Agosti mwaka huo Herzl akaupeleka mpango kwenye Kongresi ya sita ya Wazayuni kule Basel. Watu huuita mpango wa Uganda ila eneo lenyewe ni Uasin Gishu, kama maili za mraba 5,000. Waliokubali watumwe watu wakaangalie walikuwa 295, waliokataa 178, wengi wao ni wa Urusi, walitoka ukumbini wengine wanalia. Na kati ya waliopiga kura ya hapana alikuwemo kijana wa miaka ishirini na kitu, Jabotinsky. Herzl akafa Julai 1904. Januari 1905 tume ya watu watatu ikashuka hapa kwetu Mombasa, meja Gibbons Mwingereza, Kaiser Mswisi na Wilbusch injinia wa Kiyahudi kutoka Urusi, wakapanda treni, wakatembea nyanda zile, wakarudi na ripoti zisizopatana ila jumla yake ni hapafai kwa watu wengi. Kongresi ya saba mwaka huo ikaukataa mpango. Walowezi wa kizungu wa Kenya nao walikuwa wanapiga kelele hawawataki Mayahudi.

Katika mipango yote hiyo hakuna mahali Wanandi ama Wamaasai waliulizwa. Na mwaka ule ule wa 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwa mazungumzo ya amani akapigwa risasi na ofisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Yule kijana wa Uasin Gishu hilo alilijua tangu utotoni, kwao haliitaji kitabu. Asilolijua, wala mie sikulijua, ni kwamba Meinertzhagen huyo huyo baada ya vita vya kwanza alikuwa ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza Palestina na mtetezi mkubwa wa Wazayuni. Mzee hakusema zaidi ya hapo, aliweka picha mbili ukutani na projekta akaacha watu waongee, na waliongea.

Gilgil nayo. Vijana wa Betar wengi waliingia Irgun, kundi la silaha lililoanza 1931, na kundi lingine dogo lililojitenga nalo ni Lehi. Oktoba 1944 Waingereza waliwachukua wafungwa 251 wa makundi hayo bila kesi wakawarusha kwa ndege mpaka Eritrea, baadaye Sudan, wakarudishwa Eritrea, na 1947 wakaletwa Kenya, kambi ya Gilgil. Huko walisoma, walichimba mahandaki, walitoroka. Yaakov Meridor, aliyekuwa kamanda wa Irgun kabla ya Menachem Begin, alitoroka Gilgil 1948 na wenzake wakapita Uganda mpaka Kongo ya Wabelgiji. Shmuel Tamir alisomea sheria kifungoni akaja kuwa waziri wa sheria wa Israeli. Waliobaki walirudishwa kwa meli Julai 1948, Israeli ishatangazwa. Miaka minne baadaye Waingereza wakatangaza hali ya hatari hapa Kenya wakaanza kufunga watu bila kesi kwa maelfu, na mzee mwenyewe ana jamaa yake aliyepita kambi hizo, hakutaka kulisimulia zaidi na hakuna aliyemsukuma.

Kuhusu mauaji ya Mayahudi Ulaya hapa mzee ana msimamo na mie namuunga mkono mia kwa mia, mtu akileta porojo kwamba hayakutokea anaonyeshwa mlango. Mayahudi milioni tatu wa Poland waliuawa, na ndani yao ni wale vijana wa Betar wa kambi na kwata. Waliobaki Warsaw walikuwa na kundi lao la silaha lililopigana kwenye maasi ya Aprili 1943. Begin aliyekuwa ameshika Betar ya Poland 1939 aliponea kwa kufungwa na Warusi. Huwezi kuelewa kwa nini watu hawa walikuja Palestina na moyo mgumu vile kama hilo umeliruka.

Na huwezi kuruka lingine pia. Mabomu ya Irgun soko la Haifa Julai 1938 yaliua makumi ya Waarabu waliokwenda kununua mboga. Hoteli ya King David, Julai 1946, watu 91, Waingereza, Waarabu na Mayahudi. Deir Yassin, Aprili 1948, watu zaidi ya mia wa kijiji kimoja, wanawake na watoto ndani yake. Wapalestina kama 700,000 waliopoteza makwao mwaka ule na kizazi mpaka kizazi hawajarudi. Kutoka Irgun kikaja chama cha Herut, kutoka Herut ikaja Likud 1973, na 1977 Begin akawa waziri mkuu. Benzion Netanyahu alikuwa msaidizi wa Jabotinsky New York 1940, mwaka ambao Jabotinsky alifia kwenye kambi ya Betar huko huko Marekani. Mtoto wake wa kwanza Benzion alimwita Yonatan, kwa heshima ya babu na ya Patterson wa Tsavo, ndo yule aliyeuawa Entebbe 1976 kwenye uokoaji wa mateka, ndege zao zikajaza mafuta Nairobi. Mwingine ni Benjamin, huyo hahitaji maelezo.

Vijana wa mpira walipata chao. Beitar Jerusalem ni klabu iliotoka kwenye harakati hii, 1936, na mashabiki wake wa kundi la La Familia wanajulikana kwa kuimba dhidi ya Waarabu. Mchezaji Mwarabu hawajawahi kusajili. 2013 walileta Waislamu wawili wa Chechnya, ofisi ya klabu ikachomwa moto. Mzee alilitaja kwa dakika chache tu, angeweza kukaa hapo zaidi, manake ndo mahali wengi wetu tuliona fikra ya 1923 ikitembea na miguu leo.

Sasa upungufu wa huduma yenyewe, manake ada nimelipa na nina haki. Saa kumi na moja na nusu kwao ni saa kumi na mbili kasoro, kila mara, na mtu wa Likoni anayetaka kuwahi feri anaumia. Feni ni moja, na chumba kikijaa joto si la kawaida, kaa karibu na dirisha la baharini. Projekta ni ya kuazima, jioni mojawapo haikuja, tukasikiliza bila ramani, na kikao cha mipaka bila ramani hakishikiki. Ngazi za nyumba ni kali na hazina mahali pa kushika, mama yangu nisingempandisha, na nimemwambia kijana anayepokea pesa watafute ukumbi wa chini kwa wazee. Makaratasi kwa upande mwingine ni mazuri, safi, tarehe zote zipo, na ukikosa kikao unapewa ya siku hiyo bila kulipa tena, hapo wamefanya uungwana.

Malalamiko yangu makubwa ni moja. Vikao vya Jabotinsky, Patterson na Gilgil vilipewa nafasi ya kutosha, Palestina ya 1948 ikabanwa ndani ya jioni moja pamoja na Betar ya leo, yani mambo yanayowauma watu hasa yakaenda mbio. Vijiji vilitajwa majina tu. Jaffa, ambayo Irgun waliipiga mizinga Aprili 1948 mpaka watu wakakimbilia kwenye mashua, ilipata dakika chache, na sisi ni watu wa bandari, tungeielewa kuliko mtu yeyote, watu wanaoingia majini usiku na ufunguo wa nyumba mkononi. Nilimfuata mzee baada ya kikao nikamwambia "Mwalimu, shikamoo, Jaffa umetunyima". Akasema marahaba, akasema amesikia, na kwamba msimu ujao akipata wasomaji wa Kiarabu wa kumsaidia na kumbukumbu za waliokimbia ataiweka peke yake. Kama uko Mombasa, Kiarabu chako kizuri na wataka kusaidia, nenda ukamwambie, kijana wa mlangoni anaandika majina.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ni ya Jaffa.